Mikate Badala ya Rehema

Kabla hamjaniuliza Kisiria ni lugha ya wapi, na nimeulizwa swali hilo hata kwenye foleni ya kusagisha mahindi, kwanza semeni "rehema". Semeni kwa sauti, hakuna anayewaangalia. Sasa, ulimi umeenda wapi? Kama mama yako alikulea kwa Kikamba, iwe ni Kathiani kwetu, Mbooni, au kule Kithyoko karibu na mto Tana, huenda umesema "lehema" na hukusikia kosa lolote. Sikucheki. Mimi nilisema "lehema" mpaka nikawa mwanamke mzima mwenye kazi na viatu vya Jumapili.

Kikamba chetu hakina r, na hakijapungukiwa na kitu. Wazee wetu walioana, wakagombana na kupatanishwa bila hiyo herufi. Bahati yangu ni kwamba niliingia katika kazi ambayo bila r huendi popote. Kwa Kisiria, rehema ni rahme. Mikate ni lahme. Ukiteleza hapo mwanzo wa neno, umemwomba Mungu kitu kingine kabisa. Hadithi yangu yote ya kazi imo humo, na mwenye haraka anaweza kwenda zake.

Haya, mliobaki, vuteni viti.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya parokia moja mjini Machakos. Padre wetu aliitwa Mathai, mtu wa Malabar, kusini mwa India, mfupi, asiyevumilia chai hafifu, aliyetia pilipili hata kwenye muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Siku moja nilimpelekea karatasi za kutia sahihi nikakuta kitabu kikuukuu kimefunguliwa mezani. Maandishi yake yalikuwa yamelala, yameshikana mikono, na juu na chini yake kumetapakaa vinukta.

"Unaangalia nini, Nduku?" akaniuliza.

"Hizi siafu, Padre. Zinaenda wapi?"

"Zinaenda kushoto," akasema. "Keti."

Ndivyo nilivyoanza. Hakuna malaika aliyenitokea. Kisiria, niseme mara moja nisirudie, ni ndugu wa Kiebrania na Kiarabu. Wakristo wa mashariki waliandika kwa lugha hiyo sala, mashairi na hata vitabu vya dawa, karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajafika Ukambani. Kwao Padre Mathai watu walisali kwa lugha hiyo, wakabatizwa kwa lugha hiyo, wakazikwa kwa lugha hiyo. Kitabu kile kilikuwa cha babu yake.

Kwa muda nilijifunza kama mchezo, tukimaliza kazi za ofisi. Halafu siku moja aliniambia jambo ambalo liliondoa mchezo.

"Moyo wangu ni mbovu," akasema. "Daktari amenikataza safari ndefu. Kwa hiyo mimi ni wa kuzikwa huku kwenu. Najua mtanizika vizuri. Mtaimba sana, mtapika sana. Lakini babu yangu alisomewa kwa Kisiria, na baba yangu vilevile. Mimi nani atanisomea?"

Mimi na mdomo wangu. "Nitakusomea, Padre."

"Soma basi nisikie."

Akanionyesha mstari mfupi, hab le rahme, yaani mpe rehema. Nikasimama wima kama mtoto wa kwaya, nikasoma. Padre akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemliza, nikajisikia vizuri kidogo. Kumbe anacheka.

"Nduku," akasema akijifuta macho, "nimekufa, nimefika mbele ya Mungu, na wewe umeniombea mikate."

Nikarudia. Mikate tena. Nikarudia polepole. Mikate, ila ya polepole. Jambo lililonitia hofu ni kwamba mimi mwenyewe sikusikia tofauti. Yeye anasema moja, mimi nasema moja, na masikioni mwangu ni kitu kile kile. Unawezaje kurekebisha kosa usilolisikia?

Hapo akaniuliza rehema kwa Kikamba ni nini. Nikamwambia ni tei. Kumhurumia mtu ni kwiw'a tei, na kwiw'a ni kusikia. Mswahili huona huruma. Mkamba huisikia.

"Basi wewe huna udhuru," akasema Padre. "Jifunze kusikia."

Niwaambie vijana, kazi hii si ya macho mabovu wala haraka. Kuna herufi mbili katika Kisiria, dalath na rish, mapacha wa kufanana kabisa. Kinachowatenganisha ni nukta. Ikiwa chini, ni d. Ikiwa juu, ni r. Neno lile lile, ukiweka nukta chini, mtu alifanya kitu. Ukiipandisha juu, alikipita. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari naitwa mtaalamu, niliandika makala nikieleza jinsi mtawa mmoja alivyopita daraja. Niliitetea tafsiri hiyo mbele ya watu, kifua mbele. Kisha nikapata nafasi ya kuuona mswada wenyewe, maana nilikuwa nimetumia fotokopi tu. Nukta ya juu ilikuwa uchafu wa nzi. Nukta ya kweli ilikuwa chini, imefifia. Maskini mtawa alikuwa amelijenga daraja, na mimi nikampitisha juu yake kama mpita njia. Kwa hiyo msiamini nukta ya fotokopi. Ukipata mswada, uinamishe ukurasa pembeni mwa dirisha. Wino hung'aa kidogo, na choo cha nzi hakina adabu hiyo, chenyewe huvimba.

Turudi kwa ulimi wangu. Padre aliniombea nafasi katika chuo kimoja ng'ambo kilichofundisha Kisiria, na mtahini wao akaja Nairobi kutupima. Sehemu ya kwanza, kusoma kimoyomoyo na kutafsiri, niliila kama ndizi. Ya pili ilikuwa imla. Yeye anasoma, sisi tunaandika. Mnajua kilichotokea. Palipotakiwa rish niliweka lamadh, ambayo ndiyo l yao, na ukurasa mzima ukajaa mikate. Yule mzee hakuwa mbaya. Aliniambia kichwa changu ni kizuri ila sikio langu bado liko nyumbani, na kwamba katika umri wangu masikio hayahami tena.

Ningelia, lakini nilikasirika kwanza, na hasira ilinisaidia zaidi. Sikio langu lisihame kwa nini? Watu wazima wanahama na magodoro yao, na sufuria, na kuku. Tena kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu pumzi zake kule parokiani akitegemea neno langu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Njia yangu ya kwenda nyumbani ilipita karibu na soko la mifugo. Pale alikuwapo mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali, Abdi, aliyekaa Machakos miaka mingi hivi kwamba alibishana na Wakamba juu ya mvua kwa Kikamba. Nilizoea kupita hapo nikijisomea kwa sauti ya chini. Siku ile, kwa hasira, sauti haikuwa ya chini.

"Wewe mama," akaniita. "Simama kidogo. Kila siku unapita hapa unasema hab li lahm, hab li lahm. Nani alikufundisha Kiarabu?"

"Si Kiarabu. Ni sala."

"Sala gani ya kuomba nyama? Hab li ni nipe. Lahm ni nyama. Mimi nilisoma chuo cha Korani, usinidanganye. Kila siku unaomba nyama, na nyama niko nayo hapa imesimama kwa miguu minne, na hununui."

Nilicheka mpaka nikashika boma. Hizi lugha ni ndugu, nimeshawaambia, na ndugu hugawana maneno kisha wakakosana maana. Lile linaloitwa mkate kwa Msiria, kwa Mwarabu ni nyama. Mimi naomba rehema, Padre anasikia mikate, Abdi anasikia nyama. Nikamweleza shida yangu yote, Padre, moyo wake, mtahini, kila kitu.

"Rahma," akasema Abdi. "Unataka rahma." Na ile r yake ilikuwa na miguu. Na ile h haikuwa h yetu ya "hapa", ilitoka chini zaidi, yenye joto.

"Sema tena."

"Rahma."

"Sema lahma."

"Lahma."

Nikafumba macho, naye akawa anasema moja kisha nyingine bila kuniambia ni ipi, nami nabahatisha. Nilikosea karibu zote. Wachuuzi wa pale walituangalia kama watu waliopandwa na mapepo. Kesho yake nikarudi. Na kesho yake. Nilirudi msimu mzima wa kiangazi, mpaka wateja wake wakawa wanaingilia kunisahihisha.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtalipata kwenye kitabu. Abdi alinionyesha kwamba kwenye l ulimi unagusa nyuma ya meno na kukaa, kama mgeni asiyeaga. Kwenye r unagonga na kuondoka. Yeye alipotaka kuwatoa mbuzi zizini alipiga rrr kwa ulimi, nao wakasimama na kutoka. Akaniambia nijaribu. Nikapiga lll. Mbuzi wakaendelea kutafuna wakinitazama.

"Unaona?" akasema. "Mbuzi hawajui siasa. Ukikosea hawaendi."

Na ile h, alinifundisha nihemee kioo cha miwani kana kwamba nataka kukisafisha. Jaribuni mkifika nyumbani. Siku mbuzi wa kwanza aliponisikia akainuka, dume moja chafu lenye pembe iliyovunjika, niliona fahari ambayo shahada haikunipa baadaye. Abdi hakunisifu. Alisema tu, "Sasa nunua." Jina langu kwake likawa Mama Nyama, na sokoni wote wakalifuata.

Dada yangu Mbithe wakati huo alikuwa akishona kwenye kiwanda kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akanikuta nyuma ya jikoni nikiwapigia mbuzi wa mama yetu rrr, kitabu mkononi.

"Mimi nashona mfuko mmoja wa suruali siku nzima," akasema, "na wewe unatazama nukta moja siku nzima. Kati yetu nani kichaa?"

"Suruali yako ina mvaaji," nikamwambia. "Na nukta yangu ina mwenyewe."

"Padre huyo atakufa ukiwa bado unaita mbuzi."

Alisema kwa utani, lakini uliniingia. Ndiyo hofu niliyolala nayo kila siku. Niliongeza bidii.

Mtahini aliporudi, nami nilirudi. Aliponiona aliinua nyusi. Akasoma imla, na safari hii nilizisikia herufi mbili hizo zikiingia kwa milango tofauti. Nilipata nafasi. Nilipompelekea Padre habari alikuwa kitandani, maana moyo ulikuwa umemsumbua wiki hiyo. Kwenda ni kukaa miaka. Nikamwambia siendi.

"Utaenda."

"Na ukifa nikiwa huko?"

"Sitakufa. Nitakungoja."

"Padre, hilo si lako kuamua."

"Wewe uliuamulia ulimi wako," akasema. "Niache mimi na moyo wangu. Tena hapa unajua kusoma mstari mmoja. Mimi nataka mtu anayeelewa kitabu kizima. Sitaki kuzikwa na kasuku."

Nikaenda. Ya huko ng'ambo sitayaeleza sana, baridi ni baridi tu. Nilisoma, nikaosha vyombo, nikasoma. Kila nilipotaka kuacha nilimkumbuka mtu mmoja kitandani ambaye alikuwa akingoja kwa ukaidi. Nilikuwa nikimpigia simu kupitia ofisi ya parokia, naye hakuniuliza kama nimekula. Alinipa mstari wa kutafsiri, nikikosea anakata simu.

Niliporudi, miaka ya elfu mbili ikiwa imeingia, nilimkuta amekonda, amepungua kama sabuni, lakini yupo. Nilipewa darasa dogo la kufundisha, na jioni nikawa namsomea. Kuna siku nilimchapia sala zake kwenye saiba ya mjini, lile duka la intaneti, maana tarakilishi zilikuwa zimeanza kuziandika herufi hizi. Binti wa saiba, Mutheu, alipofungua faili yangu herufi zote zilikuwa zimeachana mikono na zinatembea kulia.

"Mwalimu, pole," akasema. "Hii faili yako imeingiwa na virusi."

"Si virusi. Ni Kisiria."

"Hilo ndilo jina la virusi?"

Nilimhadithia Padre, akacheka hadi akakohoa, nikajuta. Hakunisamehe kazi hata hivyo. Akiwa na pumzi nusu bado aliinua kidole nikipita nukta bila kuiangalia. Siku moja nilimaliza sala nzima ya maziko, ile yake, na kidole hakikuinuka. Nilidhani amelala. Nikamtazama, macho yake yalikuwa wazi yamejaa maji.

"Hakuna mikate," akasema.

Alifariki juma lililofuata. Nililia kama niliyefiwa na baba, na sioni aibu kuwaambia.

Mapadre wenzake, Mungu awabariki, walikubali nisome kaburini baada ya wao kumaliza. Walikuja watu wengi, wakulima wa milimani na kofia zao mkononi, kina mama wa kwaya, darasa langu dogo likiwa limejibana nyuma. Nilifungua kitabu cha babu yake. Nukta zote zikaanza kuogelea. Nikaanza, na sauti ikaenda vizuri mpaka nikaukaribia ule mstari.

Kuna jambo hakuna mwalimu aliyekuwa ameniambia, nami nawaambia nyinyi. Ulimi ukilia hurudi kwa mama yake. Miaka yote ile ya ng'ambo, vyeti vyote, vilipeperuka, na mdomoni mwangu nikausikia ulimi umepanda nyuma ya meno na kukaa. Nilijua nikifungua mdomo itatoka mikate. Nilijua kwa sababu sasa nilikuwa na sikio. Nikanyamaza. Watu wakadhani kilio kimenishinda, mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo wa kunisitiri, nikamwinulia mkono anyamaze. Nilimwahidi mtu. Sikutoka kote huko nije kusitiriwa na wimbo.

Nikafumba macho, nikawafikiria mbuzi. Kweli nawaambia, sikumfikiria mtakatifu yeyote. Nililifikiria lile dume chafu lenye pembe iliyovunjika, limelala, linatafuna, linanitazama, halitaki kuinuka. Nikagonga ulimi, nikauondoa.

Hab le rahme.

Nikarudia mara ya pili kama kitabu kinavyotaka, kwa sauti, ikafika hadi nje ya ua wa kanisa. Kisha nikafunga kitabu nikasogea pembeni wakafukia.

Nilipotoka langoni nilimkuta Abdi amesimama ng'ambo ya ua, kofia yake nyeupe kichwani, mikono nyuma. Sikujua kama alikuwapo tangu mwanzo. Hatukupeana pole kwa maneno mengi.

"Mama Nyama," akasema, "leo nimesikiliza sana. Sikusikia nyama."

"Leo sikuiomba, Abdi."

"Najua," akasema, akanionyesha kwa kidevu chini ya uzio, walipofungwa mbuzi wawili wa kuwalisha waombolezaji. "Ndiyo maana nimeileta."